Kituo Kimenyamaza, Mtambo Uko Mlimani: Waanzie Wapi?

Swali ni lile lile, liwe limetoka Port Victoria, Usenge, Mbita au Kendu Bay. Kituo kimepotea hewani, mtambo wa kurushia matangazo uko juu ya kilima, fundi yuko Kisumu au Nairobi na leo hafiki. Wenye kituo waanzie wapi?

Waanzie na redio ya mkononi. Bisibisi ije baadaye sana.

Mnara ukinyamaza, wa kwanza kulaumiwa ni transmita: "imeungua". Mara nyingi haina kosa. Stima imepotea, tokeni imeisha, feni imekwama, konekta ya kebo imeingia maji, au waya wa sauti umechomoka studio. Transmita za siku hizi zimeundwa zijilinde. Zikiona hatari hushusha nguvu au hujizima zenyewe, na huacha ujumbe kwenye kioo au kwenye taa zake. Kazi ya kwanza ya mwenye kituo ni kuusoma ujumbe huo kabla mtu hajaufuta.

Ukanda huu wa Ziwa Victoria una historia yake ya kituo kunyamaza. Mei 1982, kwa msaada wa UNESCO, Homa Bay ilipata kituo kidogo cha FM chenye vifaa vya gharama nafuu, mojawapo ya redio za kwanza za jamii barani Afrika. Kilifungwa 1984, na kilichokizima hakikuwa hitilafu bali uamuzi wa serikali. Leo Budalang'i ina Bulala FM, iliyo katika mpango wa RANET wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya pamoja na vituo vya Kangema, Suswa, Kwale na Nganyi. Hizi ni redio za watu wanaotaka kujua kama Mto Nzoia umevunja kingo, na za wavuvi wa omena wanaotoka jioni na taa zao. Kituo cha namna hiyo kikinyamaza Aprili, mvua zikiwa zimepamba moto, hasara yake haihesabiwi kwa matangazo ya biashara peke yake.

SIKILIZENI KABLA YA KUPANDA

Chukueni redio ya kawaida ya betri, yenye kitufe cha kuzungusha. Redio za magari na za simu nyingi huuficha mchachato zenyewe pasipo na kituo, kwa hiyo zitawadanganya. Iwekeni kwenye masafa yenu mkasikilize kwa makini, kwa sababu kukosekana kwa kituo kuna sura zaidi ya moja.

- Mchachato mtupu. Mtambo haurushi kitu. Tafuteni upande wa stima, transmita yenyewe, au njia ya kwenda kwenye antena.
- Ukimya safi, mchachato umekatika. Mtambo uko kazini! Mawimbi yanatoka lakini hayajabeba sauti. Kosa liko studio au kwenye njia inayopeleka sauti mlimani. Anzieni studio, huenda safari ya mlimani isihitajike kabisa.
- Sauti safi karibu na mnara, hafifu mbali. Nguvu imeshuka, au antena ina tatizo.
- Kituo kinakuja na kuondoka. Kikipotea adhuhuri na kurudi usiku, shukuni joto. Kikipotea upepo ukivuma, kuna kitu kimelegea. Kikipotea mvua ikinyesha na kurudi jua likiwaka, kebo imeingia maji.
- Mngurumo wa chini usiokoma nyuma ya mtangazaji. Hapo kuna waya wa ardhi uliokatika, au kebo ya sauti iliyolazwa pamoja na kebo ya stima.

Kuna pia jambo moja ambalo si hitilafu hata kidogo. Jioni tulivu, hewa ya joto ikilala juu ya hewa baridi iliyo karibu na maji, mawimbi ya FM hupinda na kuvuka ziwa mbali kuliko kawaida. Msikilizaji wa kisiwani Mageta atapiga simu akilalamika kwamba kituo cha Uganda au Tanzania kimepanda juu ya chenu. Mwambieni asikilize tena asubuhi. Hali ya hewa ikigeuka, mgeni huyo huondoka bila kufukuzwa, na fundi aliyeitwa usiku kwa sababu hiyo atalipwa bure.

SIMU MOJA KWA MLINZI

"Mlinzi wetu hajui mambo ya mitambo." Pingamizi hili husikika sana, na halina uzito. Haulizwi ajue mitambo, anaulizwa aseme anachokiona. Mpigieni kabla ya kukodi boda boda:

1. Nyumba za jirani zina stima?
2. Mita ya tokeni inaonyesha nini? Kuna yuniti zilizobaki?
3. Taa zipi zinawaka kwenye transmita, na za rangi gani?
4. Feni zinazunguka? Kuna harufu ya kuungua?
5. Usiku kulikuwa na radi, upepo mkali au mvua?

Kisha apige picha ya kioo cha transmita na kuituma. Picha ni muhimu kwa sababu swali linalofuata huwa ni hili: si azime tu na kuwasha tena? Ruksa, lakini mara moja tu, na baada ya picha kupigwa. Kwenye mitambo mingi kuzima hufuta maandishi ya hitilafu, na pamoja nayo sababu ya kituo kuzimika. Ikiwaka na kuzimika tena, aiache. Kuilazimisha mara ya tatu na ya nne ndiko huko kunakogeuza konekta mbovu kuwa transista zilizoungua.

Ikiwa mtaa mzima hauna stima, kazi ya mlimani imekwisha kwa sasa. Ripotini Kenya Power kwa 97771 na mtunze namba ya ripoti. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Hakuna bisibisi ya Port Victoria ambayo ingefaa kitu usiku ule. Kilichofaa ni jenereta yenye mafuta na betri zilizojaa.

VYA KUBEBA

Safari ya pili kwa sababu ya fyuzi ya bei ndogo inaudhi kuliko hitilafu yenyewe. Mfuko wa fundi uwe na:

- mita ya kupimia volti na ukinzani, yenye betri mpya
- redio ile ile ya mkononi
- fyuzi za ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye mtambo
- mzigo wa kujaribia wa omu 50 unaostahimili nguvu ya transmita yenu (mafundi huuita dami lodi)
- konekta za akiba, utepe wa mpira unaojigandisha, na utepe mweusi wa kustahimili jua
- feni ya akiba, brashi laini, tochi, spana na bisibisi
- simu yenye muziki ndani yake na waya wa kuiunganisha na transmita
- daftari na kitabu cha maelezo ya mtambo

"Dami lodi ni ghali." Ni kweli, kwa kituo kinachojiendesha kwa michango. Lakini vituo viwili au vitatu vya ukanda mmoja vinaweza kununua moja na kuazimana, kwa kuwa haihitajiki kila wiki. Bila kifaa hicho fundi hubaki kukisia, na ada ya kukisia hulipwa kila safari.

MAKATAZO

Sehemu hii isirukwe hata na aliyezoea.

- Msiwashe transmita ikiwa haijaunganishwa na antena au dami lodi. Nguvu isiyo na pa kwenda hurudi ndani.
- Msifungue kifuniko stima ikiwepo. Mkishazima, chomoeni waya ukutani, subirini angalau dakika 5, kisha mpime. Ndani ya pawa saplai ya kisasa kapasita hushika volti 300 hadi 400 hata baada ya waya kuchomolewa. Transmita za zamani zenye vali hushika maelfu ya volti, na hizo mwachieni mwenye uzoefu nazo.
- Msibadilishe fyuzi kwa waya mnene wala kwa karatasi ya sigara. Fyuzi ikiungua mara mbili inawaambia jambo.
- Mtu asipande mlingoti transmita ikiwa imewashwa. Mawimbi ya FM yana urefu wa karibu mita 3, na mwili wa binadamu huyanyonya vizuri mno. Anayepanda azime mwenyewe, atie ufunguo mfukoni mwake, avae mkanda wa usalama, na abaki mwenzake chini.
- Msiguse kamba za chuma zinazoushikilia mlingoti, hata kama moja inaonekana imelegea. Mlingoti wa Konstantynów nchini Poland, wenye urefu wa mita 646 na mrefu kuliko yote duniani wakati huo, ulianguka 8 Agosti 1991 wakati wa kubadilishwa kamba hizo. Waliokuwa kazini walikuwa mafundi wa fani hiyo.
- Radi ikisikika, ondokeni mlimani. Rudini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Juu ya hilo la mwisho, pangeni safari asubuhi. Katika ukanda huu mawingu ya radi hujengeka nchi kavu mchana na jioni, kisha usiku huhamia ziwani. Asubuhi ndipo kilima huwa salama zaidi.

KWANZA MACHO, KISHA STIMA

Mkifika, msikimbilie transmita. Zungukeni mlingoti. Tazameni kebo yote kuanzia juu: imening'inia? Imechunwa? Antena zote zinaelekea kulikokusudiwa? Waya wa ardhi upo, au wezi wa shaba wamepita? Halafu ingieni chumbani, mkasimame kidogo na kunusa. Harufu ya plastiki iliyoungua huongoza moja kwa moja hadi kwenye kosa.

Wanyama nao watazamwe kwa heshima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, na Kenya nzima ikakosa stima. Tumbili mwenyewe alinusurika. Chumba cha transmita hakihitaji tumbili. Mjusi katikati ya vyuma viwili vya stima anatosha, na panya hupenda maganda ya nyaya. Nyigu wao hujenga hasa mahali pa kupitishia hewa.

Sasa stima. Pimeni kwenye soketi inayolisha transmita, transmita ikiwa imewashwa kama inawaka. Kosa la kawaida hapa ni kupima kila kitu kikiwa kimezimwa, kusoma 235, na kuandika "stima iko sawa". Nchini Kenya mita inapaswa kusoma 240 au karibu yake. Ikisoma 235 mtambo ukiwa umezimwa na 185 ukiwashwa, basi waya ni mwembamba, kiungo cha nguzoni kimelegea, au transfoma ya mtaa imezidiwa. Ikipanda hadi 300 na zaidi, zimeni meni swichi papo hapo, kwani huenda nyutro imekatika, na kila kilichochomekwa kimo hatarini. Hiyo ni kazi ya Kenya Power, au ya fundi mwenye leseni ya EPRA ikiwa kosa liko upande wenu wa mita.

Penye betri, msizipime zikiwa zimepumzika tu. Betri ya volti 12 iliyochoka inaweza kusoma 12.6 asubuhi, kisha ikaporomoka chini ya 10.5 dakika chache baada ya kupewa kazi. Zipeni kazi, kisha mzipime moja moja. Moja mbovu huziangusha zote.

NAMBA MBILI ZA KUSOMA

Karibu kila transmita huonyesha nguvu inayotoka kwenda kwenye antena na nguvu inayorudi. Hizo mbili zikisomwa pamoja huwaambia mengi kuliko saa nzima ya kufungua vifuniko.

Chukueni mtambo wa wati 500. Zikirudi wati 20, yaani asilimia 4, kipimo cha SWR (kinachoonyesha ukubwa wa nguvu inayorudi ikilinganishwa na inayotoka) ni 1.5, na transmita nyingi huvumilia. Zikirudi 55, yaani asilimia 11, SWR imefika 2. Mitambo mingi huanza kujipunguzia nguvu hapo. Kinachotisha zaidi ya namba kubwa ni namba inayopanda. Iliyokuwa wati 5 mwezi wa Januari, ikawa wati 12 mwezi wa Machi, ikawa wati 25 mwezi wa Aprili, inaeleza habari ya maji yanayoingia taratibu, na kituo bado kinasikika! Bila daftari hakuna atakayeiona habari hiyo.

Nguvu inayorudi ikiwa kubwa, sasa dami lodi itumike. Zimeni transmita, chomoeni kebo ya antena, fungeni dami lodi mahali pake, washeni kwa nguvu ndogo kwanza.

- Nguvu inayorudi ikishuka hadi karibu sifuri, transmita ni nzima. Kosa liko juu: konekta, kebo, kigawanyi au antena.
- Mtambo ukiendelea kulalamika, kosa liko ndani yake au kwenye stima yake. Kebo na antena mziache.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata mafundi wazuri wa redio za nyumbani. Hupima kebo ya antena kwa mita ya kawaida, hukuta waya wa kati na wa nje umegusana, na kutangaza kwamba kebo imekufa. Antena nyingi za FM zimeundwa hivyo makusudi, ili radi ipate njia ya kwenda ardhini. Kwa mita ya kawaida huonekana zimeshoti ilhali ni nzima kabisa. Chomoeni kebo upande wa antena kwanza, ndipo mpime kebo peke yake.

MAJI KWENYE KEBO

Kwenye mwambao huu huyu ndiye mharibifu mkuu. Maji huingia juu, kwenye konekta ya antena, na kuteremka ndani ya kebo mita nyingi bila kuonekana. Fungueni konekta ya juu. Shaba ikiwa imegeuka nyeusi au kijani, kukausha kwa kitambaa hakutasaidia. Katieni kebo nyuma hadi mfikie shaba inayong'aa, kisha mweke konekta mpya. Msipoifikia, kebo nzima ibadilishwe.

Namna ya kufunga ndiyo huamua kama mtarudi mwakani:

1. Kazeni konekta ipasavyo, kwa mkono kisha kwa spana, bila kulazimisha.
2. Zungusheni utepe wa mpira mkianzia chini na kupanda, kila mzunguko ufunike nusu ya ule wa chini, jinsi mabati ya paa yanavyopandana ili maji yamwagike nje.
3. Juu yake zungusheni utepe mweusi wa kustahimili jua, vivyo hivyo kutoka chini.
4. Kebo ishuke kidogo kisha ipande kabla ya kuingia chumbani, ili matone yadondoke kwenye tumbo hilo badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Utepe wa kawaida wa fundi stima, ule mwepesi wa dukani, haufai peke yake. Jua la ziwani huumaliza upesi, na gundi yake huacha utelezi unaoharibu kazi inayofuata.

USUBI, JOTO NA HEWA NYEPESI

Wageni hudhani ni moshi umeinuka ziwani. Wenyeji wanajua ni usubi, makundi makubwa ya vijidudu vinavyotoka majini na kupeperushwa hadi nchi kavu. Vikifuata taa ya usalama iliyo juu ya mlango wa chumba cha mtambo, asubuhi filta ya feni imekwisha kuzibwa. Buibui huwafuata, na utando wao humalizia kazi. Transmita hupanda joto, hushusha nguvu, kisha hujizima. Watu husema imeungua. Ilichokosa ni pumzi.

Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Mombasa. Feni ile ile hupoza pungufu, na kilimani hata chini ya hapo. Kwa hiyo:

- safisheni filta kila wiki, na kila siku usubi wakitoka
- hamisheni taa ya nje mbali na tundu la hewa, au itumike taa ya manjano inayowavuta wadudu kidogo
- hewa ya moto itoke nje ya chumba. Feni inayozungusha joto lile lile ndani ni kelele tu
- bawa la feni lizungushwe kwa kidole, stima ikiwa imezimwa, kuona kwamba haligandi wala halitoi mlio

Feni ikiwa imekufa na ya akiba hakuna, punguzeni nguvu ya kurusha hadi nusu. Wengi hukataa wakihofia kupoteza nusu ya wasikilizaji. Hesabu haiendi hivyo. Kupunguza nguvu nusu ni kupungukiwa desibeli 3, na msikilizaji wa karibu hatagundua. Aliye pembezoni kabisa ndiye atakayesikia mchachato kidogo. Kituo hafifu kinachosikika ni bora kuliko kituo chenye nguvu kamili kilichozimika.

RADI NA MAFURIKO

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na mlingoti juu ya kilima kama vile vya Samia unaialika. Haizuiliki, ila huonyeshwa njia. Mlingoti, kebo ya antena inapoingia chumbani, rafu ya mitambo na waya wa ardhi wa stima vyote viunganishwe pamoja. Kosa linalorudiwa na wengi ni kukipa kila kimoja fimbo yake ya ardhi, mbalimbali. Radi ikipiga, fimbo hizo huwa na volti tofauti, na tofauti hiyo hupitia ndani ya transmita. Kwenye ardhi kavu ya mawe fimbo moja haitoshi. Zikeni nyaya ndefu, mlenge omu 10 au chini ya hapo. Penye wizi wa shaba tumieni chuma cha mabati kilichochomelewa, kwani hakina soko zuri.

Mitambo iliyo bondeni ina adui mwingine. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika kimo kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964, na Budalang'i ilifurika. Ulizeni maji yalifika wapi mwaka ule, wekeni alama ukutani, na betri, pawa saplai na soketi zote zikae juu ya alama hiyo. Kifaa kilichozama kisiwashwe "kuona kama kinafanya kazi". Kifunguliwe, kioshwe kwa maji safi, kikaushwe siku kadhaa, kisha fundi akipime kabla ya stima kuingia.

IKIWA NI SAUTI TU ILIYOPOTEA

Chomekeni simu yenye muziki moja kwa moja kwenye transmita, sauti ikiwa chini. Muziki ukisikika kwenye redio ya mkononi, transmita imeondolewa lawama. Rudini nyuma hatua moja moja: risiva inayopokea sauti kutoka studio, antena yake, kisha studio. Pale sauti inapopelekwa kwa intaneti, angalieni kwanza kama bando limeisha. Ni aibu ndogo, lakini hutokea. Pale inapopelekwa kwa antena mbili zinazotazamana, angalieni kama mti umeota katikati, au upepo umeigeuza moja.

Sauti inayokwaruza hasa mtangazaji anapopaza kwa kawaida inatoka kwa mchanganyaji aliyesukuma vifungo juu mno. FM ina mpaka wake, kilohezi 75 kila upande, na anayeuvuka hapati sauti kubwa zaidi. Hupata sauti mbovu na malalamiko ya jirani.

WAKATI WA KUACHA

Kuna mambo ambayo mwenye kituo asiyaguse hata akiwa na muda: skrubu za kurekebishia ndani ya transmita, masafa, na nguvu iliyoidhinishwa kwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Juu ya megahezi 108 ndipo huanza masafa ya ndege, na mtambo uliochezewa unaweza kumwaga takataka huko bila kituo chenyewe kusikika vibaya. Kisumu ina uwanja wa ndege wa kimataifa. Hilo si jambo la kujaribia.

Mkifika hapo, mpigieni fundi na mumpe haya bila kupamba: redio ya mkononi ilisikika vipi, volti zilikuwa ngapi mtambo ukiwa umewashwa, nguvu inayotoka na inayorudi, majibu ya dami lodi, picha ya kioo, na kila mlichokigusa kwa mpangilio wake. Cha mwisho hufichwa mara nyingi kwa haya. Fundi asiyejua kwamba konekta ilifunguliwa jana atapoteza saa nyingi akitafuta kosa lingine.

Ikiwa kituo chenu kiko hewani na hakina tatizo lolote, kuna kazi moja ya wiki hii. Mtu apande mlimani na daftari, aandike tarehe, volti, nguvu inayotoka, nguvu inayorudi na joto la transmita, kisha apige picha ya kila konekta. Daftari libaki chumbani kwa mtambo, nakala ikae studio. Ifanyeni kabla ya mvua za Machi.